Honi Mbili, Dakika Mbili

Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kina kinyongo kuliko mimi. Nikishika paketi ya maziwa iliyotoka kwenye friji, ncha yake inageuka nyeupe, halafu inauma kama imebanwa na mlango. Kila inapouma namkumbuka mwenye gari. Jina analo, lakini sikuwahi kulitumia hata moyoni. Yeye alikuwa mwenye gari na mimi mpanda lifti, na hakuna siku aliyoniacha nisahau tofauti hiyo.

Nilifika Brooklyn Park, pembeni ya jiji la Minneapolis, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi nikitokea Tanga, mji ambao mtu akivaa sweta tunamuuliza kama ana malaria. Nikapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Anoka: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Asubuhi ile ya mapema hapakuwa na basi la kunifikisha huko, kwa hiyo asiye na gari hana kazi. Mama mmoja wa Kikenya, wa miaka hamsini na kitu, alikuwa anafanya kazi pale pale, naye akakubali kunibeba mimi na mama Mkongo wa Bukavu aliyekaa jengo la jirani.

Siku ya kwanza nilipoingia garini nilimwamkia, "Shikamoo, dada."

"Sasa," akanijibu kwa salamu ya vijana wa kwao, macho kwenye kioo.

Nikadhani hakusikia. Kesho yake nikarudia. Akacheka. "Hiyo shikamoo, my dear, tulifunzwa class four, nikafanyia exam, nikaiacha huko. Unataka niseme nini?"

Nikamweleza kwamba kwetu mkubwa huitikia marahaba, na kwamba binti aliyefundwa hukunja goti kidogo anapoamkia. Nikamwonyesha kidogo, vile nilivyoweza nikiwa nimekaa. Akasema sawa, amesikia. Miezi sita nilimpa shikamoo kila asubuhi, na miezi sita akanirudishia "sasa". Marahaba sikuipata hata moja.

Kubwa zaidi lilikuwa sheria yake. Alikuwa akifika chini ya jengo anapiga honi mbili, anangoja dakika mbili kwa saa ya garini, anaondoka. Hapandi ngazi wala hapigi simu. "Niki-wait mmoja, wote tunachelewa," alisema. Sheria yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Mimi ni mtu wa kuwahi.

Asubuhi moja ya Januari kamba ya buti langu la kulia ilikatika. Honi zilipolia nilikuwa nimepiga goti naunga fundo. Nilishuka ngazi mbio, na nilipotoka nje gari lilikuwa hatua kama kumi na mbili kutoka mlangoni, taa za maegesho zikiniwakia mwili mzima. Nikanyanyua mkono. Yeye akawasha indiketa ya kushoto, taratibu, kwa adabu zote za barabarani, akaondoka. Njia nzima haikuwa na gari wala mtu. Mpaka leo najiuliza ile indiketa alikuwa anamwashia nani.

Glavu zangu zilikuwa kwenye kiti chake cha nyuma, nilizisahau jana yake. Nikaenda kusimama kituo cha basi karibu saa nzima, mkono mmoja kwapani na mwingine umeshika simu, nikimpigia msimamizi. Kope zilikuwa zinanatana nikifumba macho. Basi lilipokuja dereva akaniambia lake linaelekea Minneapolis, Anoka haendi, nikaishia kuita teksi. Mkono ulioshika simu ndio wenye kidole hiki. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshachelewa mara mbili huko nyuma, nikapewa barua ya onyo la mwisho. Nililia chooni, nikanawa, nikaenda kukunja mashuka.

Kesho yake mwenye gari akanipa glavu zangu. "Ulisahau hizi. Pole ya jana, lakini rules ni rules."

Nikasema, "Asante, dada. Shikamoo."

"Sasa."

Mama Mkongo alingoja tufike kazini, akanivuta pembeni penye mashine za kufulia. "Dada, alikuona. Nilimwambia, attends, ngoja, eko anakuja. Akasema dakika zimeisha."

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kwa utulivu. Angekuwa hajaniona ningesamehe, maana mimi si mtu wa roho mbaya, ingawa watakaosoma haya watakuwa na yao ya kusema. Wahenga walisema mwosha huoshwa, na mimi kuosha watu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikaamua kungoja zamu yake ifike.

Nikajifunza gari. Mtihani wa kwanza nilifeli kwenye kuegesha, wa pili nikapita. Machi nikanunua gari bovu lenye mlango mmoja wa rangi tofauti na mingine, na mama Mkongo akahamia kwenye gari langu bila kuombwa. Haukupita mwezi, gia za gari la mwenye gari zikafa. Akanipigia simu mwenyewe.

"Ni wiki mbili tu, my dear, mpaka mechanic amalize. Na nimepewa final warning. Nikikosa siku moja tu, wananifuta kazi."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitaficha. Nikamjibu kwa sauti ya asali, "Bila shaka, dada. Ila tutafuata utaratibu wako ule ule. Honi mbili, dakika mbili."

Akacheka. "That's fair."

Siku tisa nilipiga honi chini ya jengo lake, na siku tisa alishuka kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Mtu wa saa, sina la kumsingizia. Nilikuwa nakaa pale nikiangalia tarakimu za saa, nikimwombea kamba ikatike, ufunguo upotee, simu ilie. Alikuwa anaingia, anafunga mkanda, anasema "sasa" kabla sijafungua mdomo.

Aprili ile ikaja na joto. Watoto wakavaa kaptula, majirani wakatoa majiko nje wakawa wanachoma nyama. Mwenye gari, aliyekaa nchi ile miaka kumi na minne, akapakia pipa la kusafirisha kwa ndugu zake Limuru, akasema kule baridi haiishi. Ndani ya pipa aliweka makoti, mabuti na glavu nzito, vyote. Alinikuta mimi bado nina beleshi nyuma ya gari, akanicheka mbele ya mama Mkongo.

"Winter imeisha, my dear. Hiyo beleshi unachimbia nani kaburi?"

Kule kazini nilikuwa namvisha soksi mzee mmoja, mkulima wa zamani, ambaye kila asubuhi aliniambia beleshi nisiliweke mbali mpaka mbu waanze kuniuma. Nilimwamini. Tangu Januari nilikuwa siamini jua wala mtu mwenye afya njema.

Siku ya Alhamisi, televisheni ya sebule ya wazee ikaonyesha ramani yote ya jimbo imepakwa rangi ya buluu. Theluji nyingi, walisema, kuanzia usiku wa Ijumaa. Mwenye gari alikuwa chumba cha kufulia, hakuona. Jumamosi sote watatu tulikuwa na zamu. Ijumaa tukirudi nyumbani akachungulia mawingu kupitia kioo. "Hiyo ni mvua, ama?"

"Mvua tu, dada," nikasema.

Nilijua ninachofanya. Nilitaka asiwe na kiatu.

Jumamosi nilidamka mapema kuliko kawaida, nikafungua pazia. Magari yote ya maegesho yalikuwa yamegeuka vichuguu vyeupe. Yale majiko ya nyama yalibaki vifuniko tu. Nikavaa mabuti yangu yenye kamba mpya, nikalifukua gari langu peke yangu, huku jirani mmoja akikwangua kioo chake kwa sahani ya plastiki. Nilitoka jasho, na sikumbuki kazi niliyowahi kuifanya kwa raha kama ile. Mama Mkongo nilimchukua kwanza. Kisha tukaenda kwa mwenye gari, tukafika saa kumi na mbili na robo, kumeshapambazuka.

Wenye majengo yake walikuwa wameshaachana na mtu wa kusukuma theluji tangu Machi kwisha, kwa hiyo maegesho yalikuwa hayajaguswa. Nikapiga honi mbili. Nikaangalia saa.

Mlango wa ghorofa ya pili ukafunguka mara moja. Alikuwa amevaa sweta mbili na leso juu yake, miguuni viatu vya kanisani, kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki wa supamaketi uliofungwa kifundoni. Ngazi zake ni za nje, na zilikuwa zimezikwa. Akaanza kushuka ameshika reli kwa mikono miwili, akitafuta kila ngazi kwa ncha ya mguu. Dakika ya kwanza ikaisha yuko nusu ya ngazi. Akateleza, akakaa, akainuka. Alipofika chini theluji ilimfika magotini. Akawa anakuja.

"Umngoje, dada," mama Mkongo akasema. "Eko anakuja."

Tarakimu ikabadilika. Alikuwa hatua kama kumi na mbili kutoka kwangu, labda kumi. Akanyanyua mkono. Mimi nikawasha indiketa ya kushoto, nikaondoka.

Hilo sijalijutia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi nilitaka auonje uchungu wake. Yaliyofuata ndiyo sijapata mahali pa kuyaweka.

Mdomoni mwa maegesho, gari la manispaa la kusukuma theluji lilikuwa limepita barabara kuu sisi tukiwa ndani na kuacha ukuta wa theluji umeziba njia. Nikauvamia kwa kasi, gari likakalia theluji kwa tumbo, likakwama. Nikakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure. Nikarudi nyuma kidogo, nikaenda mbele, hola. Na kwenye kioo nikamwona anakuja na mifuko yake miguuni, leso imelowa, hakimbii wala haongei. Nikafunga milango kwa kitufe. Sijui niliogopa atafanya nini.

Hakugusa mlango. Alizunguka nyuma ya gari, akaweka viganja vitupu juu ya bati.

"Weka gear ya chini," akapaza sauti. "Usikanyage sana. Polepole. Sasa."

Nikafanya alivyosema. Alisukuma mara tatu, na ya tatu nilimsikia akiguna kama mtu anayebeba gunia. Gari likatoka.

"Simama," mama Mkongo akasema.

"Nikisimama hapa tutakwama tena."

Hiyo ilikuwa kweli kwa mita kama kumi. Baada ya hapo tulikuwa juu ya barabara kuu, imekwanguliwa, imemwagwa chumvi, ningeweza kusimama hata kunywa chai. Kwenye kioo alikuwa amesimama juu ya ule ukuta, mikono ameichomeka kwapani, anangoja taa zangu za breki ziwake. Nilizitazama tarakimu za saa, ingawa hakukuwa na cha kuhesabu tena. Nikaendelea kwenda. Mama Mkongo akageukia dirisha, na mpaka Anoka midomo yake ilikuwa inasali.

Kazini tulikuta nusu ya watu hawajafika. Msimamizi alitukumbatia mlangoni. Nikaamsha na kuvisha wazee mpaka saa mbili, kisha nikaingia ukumbi wa chakula, nikafunga aproni, nikaanza kumlisha uji yule mzee mkulima. Aliniuliza kama nilikuwa na beleshi. Nikamwambia ndiyo. Akafurahi sana.

Kwenye saa mbili na nusu mlango ukafunguka, akaingia mwenye gari. Dereva wa gari la kusukuma theluji alikuwa amempakia kutoka kituo cha mafuta, baada ya yeye kutembea mpaka huko. Mifuko ilikuwa bado miguuni, imechanika, inaacha maji sakafuni. Msimamizi alimfuata na taulo akimwambia hakuna atakayeandikiwa kuchelewa siku kama ile. Kwa hiyo kazi yake ilipona, na mtego wangu haukunasa kitu.

Hakumsikiliza msimamizi. Alipita katikati ya meza akaja mpaka mbele yangu. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vidole havikunjiki. Nikajiandaa kwa matusi, na majibu yangu nilikuwa nayo tangu Januari, nimeyapanga kwa zamu.

Akakunja goti, vile nilivyomfundisha. Mwanamke anayelingana na mama yangu mdogo.

"Shikamoo," akasema.

Mama Mkongo akaweka chini jagi alilokuwa ameshika. Mimi nilikuwa na kijiko hewani, na mzee amefungua mdomo anangoja. Ningeweza kunyamaza, au kumwinua, au kumtupia maneno yangu yote. Lakini sisi tuliolelewa Tanga neno hilo tumeliitikia tangu tulipopata wadogo zetu, linatoka lenyewe.

"Marahaba," nikamwitikia.

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akaenda kuvaa aproni. Tulifanya kazi pamoja mwaka mwingine mzima baada ya hapo. Hakunisimulia kwa mtu, na lifti hakuniomba tena.

Sasa mimi ndiye mkubwa. Vijana wa Kitanzania wanaokuja kusoma hapa wananikuta kanisani au dukani, wananiamkia vizuri, na wasichana wengine wanakunja goti. Marahaba sijamwitikia mtu tangu asubuhi ile. Nawajibu, "Sasa." Wanaangaliana. Najua wakifika nje wanasema yule mama amekaa sana na Wakenya.