Mke Wangu Mfugaji na Mshumaa wa Mama

Wanaume wenzangu huoa walimu, wauguzi, wafanyabiashara. Mimi nimeoa mfugaji, na mifugo yake haionekani kwa macho. Mke wangu ni mwanasayansi: anakuza vimelea vya malaria maabara, ndani ya visahani vyenye damu ya watu waliojitolea. Anavilisha, anavisafishia visahani, na vikishanawiri anavijaribia dawa. Rafiki zangu walimbandika jina la Mfugaji, naye akalipokea kama cheo.

Yalimwanzia shuleni, siku mwalimu wa biolojia alipomwambia achungulie darubini. Kimelea kichanga kikiwa ndani ya chembe ya damu hufanana na pete ndogo yenye kito. Anasema alicheka peke yake mpaka akatolewa darasani, na tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Miaka mingi baadaye nilipopiga goti na kumwonyesha pete niliyoihangaikia, aliikagua, akasema ni nzuri, ila leo ameshaona mamia kwenye darubini. Hapo nilijua nimepatikana.

Kundi moja lilikuwa mboni ya jicho lake. Alilitoa kwenye damu ya mgonjwa ambaye dawa zilishindwa kumponya, na kwa miaka yote halikupata kulala na njaa. Hata fungate yetu ilikuwa hoteli iliyo mkabala na maabara, ili awahi kulilisha. Dawa mpya anayoitafiti ilikuwa ikijaribiwa kwa kundi hilo hilo, na akiba aliyoigandisha ilikuwa imeharibika pamoja na jokofu. Likifa, kazi yake yote inakwenda na maji.

Basi Jumamosi moja asubuhi umeme ukakatika, na jenereta ya maabara ikakohoa, ikanyamaza. Vimelea hivi vinataka joto la mwili wa mtu. Mfugaji aliviweka visahani ndani ya mtungi wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, akafunga kifuniko, akautia mtungi kwenye boksi la kutunzia joto, katikati ya chupa za maji moto. Tukaenda nao nyumbani, yeye kalikumbatia boksi, mimi naendesha gari polepole mno hata mzee mmoja wa baiskeli akatupita na kutupungia mkono.

Nyumbani alikuwepo mama yangu, amekuja kututembelea.

"Mama, tuangalizie hili boksi," mke wangu alisema. "Tunamkimbilia fundi wa jenereta."

"Nendeni tu. Mimi nipo."

Jioni jenereta ilinguruma, tukarudi kulichukua boksi. Mama alikuwa ameketi kando yake, kibiriti mkononi, jasho linamtoka.

"Mkwe wangu, waliokuuzia mshumaa huu wamekuibia," alisema. "Nikiuwasha, unazimika. Nimeuwasha kutwa nzima."

Mfugaji alishika ukuta. Mshumaa ule hutakiwa uzimike. Ukiwaka hupunguza oksijeni, hewa ambayo vimelea havipatani nayo, kisha hujizimia wenyewe na mtungi hubaki umefungwa hivyo hivyo. Maabarani kila mtu analijua jambo hilo, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia mama. Yeye alikuwa akifungua, anaingiza hewa, anawasha, anafunga, tangu asubuhi.

"Umefungua mara nyingi, mama?"

"Sasa niviache kwenye baridi? Hata maji nimebadilisha, yalikuwa yamepoa. Si mliniambia niangalie?"

Tulikwenda maabara sote watatu, maana mama alikataa kubaki nyuma akisemwa. Mfugaji alipaka tone la damu ya kisahani kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia darubini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilijua analia, nikaenda kumshika.

Alikuwa anacheka: vimelea vilikuwa hai. Hewa iliyoingia ilipunguzwa tena kila mshumaa ulipowashwa, na maji ya mama yalishikilia joto siku nzima. Mama angekaa kitako tu, kama alivyodhani mke wangu, tungezika kundi zima. Mfugaji alimrukia mama mkwe wake, wakazunguka katikati ya meza mpaka kiti kikaanguka, nami nikajiunga, ingawa sikuwa na kazi yoyote pale. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Kisha mama akataka kuviona alivyovilea. Aliinama, akachungulia kwa muda mrefu.

"Pete," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo malaria yenyewe hiyo."

Dada yangu mkubwa alikufa kwa malaria kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani hatukuzoea kumtaja. Mama aliendelea kuinama, na kicheko kikanikauka, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kabisa ni kitu gani tulichomwachia akilinde kutwa nzima.

Aliinuka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akamkabidhi mke wangu kibiriti.

"Kesho vinakula saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mama."

"Nitakuja nawe. Tuvilishe vishibe, mwanangu. Halafu uvimalize vyote."