Mfuko wa Wanga kwa Mama Shiru

Sikulala nikijiuliza kama nilikuwa nimetia gliserini kwenye wanga wa muhogo. Bila gliserini ya kuulainisha, mifuko ya wanga tunayotengeneza hapa Ruiru badala ya plastiki hukauka na kupasuka. Asubuhi nikatia, ili tu moyo utulie.

Mchana bosi alinipeleka Makongeni kwa Mama Shiru, muuza chapati aliyetaka kuagiza mifuko yetu. Mama Shiru alitia chapati za moto kwenye mfuko tuliotengeneza asubuhi ile, ukalainika na kuzigandia.

"Ai, kijana wa digrii! Sasa hii mteja ataimenya kama ndizi?"

Wateja wakacheka. Bosi akatoa simu amfokee mkulima aliyetuuzia muhogo, eti muhogo wake ni mbovu na hatutanunua kwake tena. Nilikuwa nimechoka mno hata nikashindwa kuogopa.

"Usimpigie, bosi," nikasema. "Ni mimi. Nilitia gliserini mara mbili."