Karani, Mbwa wa Fundi Cherehani

Zamani jirani akiudhika alikuja mlangoni kwako akakwambia usoni, mkagombana yakaisha. Siku hizi anampigia simu mwenye nyumba, kisha anakuamkia huku meno yote nje.

Ndivyo majirani walivyomfanyia, kwa kelele za mbwa wake, fundi cherehani wa chumba cha mbele, mjane wa rafiki yangu, aliyenishonea mashati yangu yote. Mwenye nyumba alimpa hadi mwisho wa mwezi: mbwa aondoke, au waondoke wote wawili.

Mbwa tulimwita Karani, kwa kuwa hakuna aliyeingia bila yeye kumtangaza. Hakujua kutulia. Alizunguka kutoka mlangoni hadi chini ya meza, kucha zikigonga sakafu, na mteja akitokea na kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, ule mchakacho tu ulimpandisha mori. Alibweka hadi glasi zikalia kabatini kwangu, chumba cha pili. Fundi alimtupia kipande cha mkate ili anyamaze.

"Unampa mshahara, shemeji," nilimwambia.

"Namziba mdomo."

"Anayeshibishwa kwa kubweka atabweka."

"Eti?"

Nilirudia kwa sauti ya juu. Alicheka, kisha uso ukamsawijika. "Nikimtoa huyu, nani ataniambia mtu amefika?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ujana wake aliumaliza kwenye kiwanda cha nguo, katikati ya ngurumo za mashine, na masikio yaliishia huko. Bila mbwa, wateja wangesimama mlangoni wakachoka, wakaenda zao. Akiwa na mbwa, hana chumba.

Kwanza alijaribu rula ya kupimia. Akiubwekea mfuko, rula mgongoni. Karani akazidi kuharibika, maana sasa mfuko ulimletea kipigo kweli; akaanza kuwarukia watu.

"Unamfundisha kuuogopa mfuko," nilimwambia.

"Mwalimu wa mbwa asiye na mbwa!" alinijibu. Lakini rula aliitundika ukutani, na kesho yake akaniomba nitembee mbele ya mlango na mfuko.

Mzee mzima, nikatembea barabarani na mfuko mtupu kama mwehu, wapangaji vijana wakinipiga picha. Nilianzia ng'ambo ya barabara, ambako Karani alisikia bila kupandwa na hasira. Kwa kuwa fundi hakusikia, niliuinua mfuko juu kila nilipouchakarisha. Mbwa akikaa kimya, alikuta mkate juu ya goti la bibi yake. Akibweka, goti lilibaki tupu, nami nilirudi nyuma hatua chache tuanze upya. Siku nyingine tulisogea, siku nyingine muuza mitumba alipita na furushi lake la nailoni akatuharibia kazi yote. Fundi alikosea hata vifungo kwa wasiwasi. Mimi usingizi ulinipaa.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja mwenyewe, na suruali mbili kwenye mfuko wa plastiki. Fundi alikuwa ameinamia mashine. Mfuko ukachakarika. Karani akasimama, manyoya wima, akatoa mlio mmoja mdogo kama mtu anayemeza neno. Akageuka, akaenda kumgusa bibi yake gotini kwa pua.

Fundi akainua kichwa. "Karibu, baba. Za kupunguza?"

"Mbwa yuko wapi?"

"Yuko kazini."

Mwenye nyumba akatazama chini, akamwona, akakohoa. Aliacha suruali zake, na habari za kuhama hakuzigusa tena.

Aliyehama ni mimi. Mwanangu alikuja kunichukua, nikaishi kwake ghorofani, ambako hata jirani wa ukuta mmoja hubonyeza kengele na kusubiri jibu kwenye kisanduku cha sauti ukutani. Asubuhi ya kuhama nilipita mlangoni kwa fundi kumuaga, nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki mkononi. Kuita kungekuwa kazi bure. Nikautikisa mfuko. Karani akainuka, akamgusa goti. Fundi akaniona, pini zimejaa mdomoni, asiweze kusema. Akautazama mfuko wangu, akanionyesha kiti cha wateja, niketi nisubiri zamu yangu.

Nje, mwanangu akapiga honi.