Siku Almasi Alipopewa Habari

Utotoni mwangu kule Gwata, farasi alikuwa mmoja tu. Watu walitoka mpaka Janga kuja kumtazama, wakasimama nje ya uzio wa seng'enge wakizungumza kwa sauti ya chini. Aliitwa Almasi. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe usoni, mrefu kiasi kwamba mimi, mtoto wa miaka tisa, nilipita chini ya shingo yake bila kuinama. Mwenyewe alikuwa Mzee Mshana, Mpare mstaafu aliyemleta kutoka Arusha. Baba yangu alikuwa msimamizi wa shamba lake, nasi tuliishi humo humo, nyuma ya zizi.

Kila asubuhi Mzee na baba walimpiga Almasi brashi, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakiongea juu ya mgongo wake habari za mvua na mihogo. Sikuwahi kuwaona wakiketi pamoja. Urafiki wao wote ulikuwa pale.

Siku moja Mzee aliamka kifua kinambana. Mwanawe akaja na gari kumpeleka hospitali, Dar es Salaam. Almasi alilifuata gari lile kwa ndani mpaka uzio ulipoishia, akasimama pale hadi jua kali. Siku ya nne tukapigiwa simu kwamba Mzee amefariki. Mwili ulisafirishwa moja kwa moja kwenda kuzikwa kwao, Same. Baba hakwenda, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia mifugo. Sikumwona akilia. Alichukua jembe akaenda kupalilia.

Haukupita muda, watoto wa marehemu wakauza shamba. Walimwambia baba kwamba mifugo itakayobaki siku ya kukabidhi itachinjwa. Ng'ombe na mbuzi walipata wateja upesi. Almasi alimpata wa kwake siku ya mwisho kabisa, bwana mmoja wa Kisarawe, aliyekuja na Fuso la kubebea mchanga.

Waliegesha mbao nene kutoka chini hadi kwenye bodi ya gari. Almasi akaweka kwato moja, mbao zikalia, akarudi nyuma. Wanaume wanne wakavuta kamba. Wakamfunga macho kwa kitenge cha mama, akasimama kwa miguu ya nyuma, kamba ikachuna viganja vya baba. Dereva alikata fimbo. Baba akamnyang'anya. Ilipofika adhuhuri farasi alikuwa ameloa jasho, anatetemeka, na yule bwana wa Kisarawe akasema kwa upole kwamba hawezi kungoja kupita alasiri. Sote tulijua maana yake.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekuja kutusaidia kufunga mizigo. Tangu asubuhi, ungo mapajani, alikuwa akirudia jambo moja ambalo hakuna aliyelisikiliza: mnyama wa kufugwa akifiwa na mwenyewe sharti apewe habari. Asipopewa humngoja, na ukimhamisha kwa nguvu hafiki salama aendako. Ndivyo walivyoamini wazee wa kwao. Sasa aliweka ungo chini, akaja.

"Shabani, huyu nani alimwambia?"

"Mama, huyu ni farasi."

"Naona kuwa ni farasi. Alimwona mwenyewe akipandishwa gari, hakurudi. Leo unampandisha yeye. Ungekuwa wewe ungepanda?"

Bibi akamwambia baba amfungue macho, alegeze kamba, na watu wote warudi nyuma.

Bibi alikuwa mfupi, na kwa kweli alikuwa akimwogopa Almasi. Siku zote alimzunguka kwa mbali. Siku ile alimsogelea mpaka kifuani, akaweka kiganja chake pale, akampa pole kama apewavyo mfiwa. Kisha akamweleza yote, Kizaramo kikichanganyika na Kiswahili. Alimtaja marehemu kwa majina yake mawili. Akasema kifua kilimbana, madaktari walijitahidi, na amezikwa kwao milimani, kwenye watu wake.

"Hakukutupa," alimwambia. "Amekufa. Usimngoje tena."

Masikio ya Almasi, yaliyokuwa yamelala nyuma tangu asubuhi, yaliinuka. Kutetemeka kukakoma. Akashusha kichwa polepole mpaka lile baka jeupe likagusa bega la bibi, akashusha pumzi ndefu, mbavu zake zote zikatulia. Dereva alivua kofia, na sidhani alijua kwamba ameivua.

Ndipo niliposikia kilio nyuma yangu. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya tairi la Fuso, viganja vilivyochunika vimefunika uso. Bibi hakugeuka. Alisubiri mpaka mwanawe amalize, kisha akamwita aje amchukue farasi. Baba aliishika kamba bila kuivuta, akapanda. Almasi akamfuata, kwato baada ya kwato, mbao zikilia vile vile.

Leo mimi ni mtu mzima, naishi Misugusugu, na nimesoma kwamba farasi huogopa mahali pageni na mbao zinazolia chini ya kwato, kwamba ukimwachia kamba na makelele yakaisha, mara nyingi hupanda mwenyewe. Nayakubali hayo. Lakini nilikuwepo, niliyaona masikio yale, na mpaka sasa nikilisimulia jambo hili sauti yangu hushuka yenyewe.

Mwaka jana nilimuuliza baba, ambaye sasa ni mzee, kama anaamini kuwa Almasi alielewa.

"Ya farasi siyajui," alisema. "Mimi simu nilipigiwa. Lakini kuambiwa, niliambiwa siku ile."