Leso ya Mpiga Zumari

Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya kuandikisha wakimbizi Mombasa, miaka ile wenzetu wa Kismayu na visiwa vya karibu nayo walipokuwa wakishuka makundi kwa makundi wakikimbia vita. Karani, ambaye sidhani aliwahi kukanyaga kisiwa cha Koyama, alimkazia macho mzee aliyekuwa mbele yangu.

"Unasema kwenu Koyama, kazi yako kupiga zumari. Haya, piga nisikie."

Mzee akatoa zumari kwenye mkunjo wa kikoi, akapiga. Mashavu yalifura, pumzi akaivuta puani bila wimbo kukatika, na kina mama waliokaa sakafuni wakaanza kutikisa mabega. Mmoja akatabasamu, sikuwa nimeona tabasamu pale tangu asubuhi.

"Inatosha," karani akasema. Mzee hakuacha.

"Hawezi," bibi mmoja akamweleza. "Kwetu mpigaji hanyamazi mpaka aliyependezwa amtupie leso begani."

Mikono ya kina mama ikapanda kichwani, ikaganda. Leso, yaani kanga, huuzwa jozi, lakini wao walikimbia na moja moja, ile ya kichwani. Jasho likamtiririka mzee, pumzi ikaanza kumwishia.

"Mchu huyu atakufa!" bibi akasema, "mtu" akiitamka kikwao. Akavua leso yake, akamtupia, akabaki na mvi zake wazi mbele ya wanaume.

Mzee akanyamaza. Akamrudishia huku amefumba macho. "Jifunike, dada yangu. Nimetunzwa."

Mimi hushangilia wanamuziki kwa makofi yasiyonigharimu kitu, hadi viganja viwashe. Siku ile mikono yangu ilibaki mfukoni, nikiona haya kuitoa.