Kila asubuhi wanapanda Montcarel, wanaishia langoni

Saa tatu na nusu asubuhi, Toongabbie, kitongoji cha Sydney, Australia. Baridi ya Julai bado imeng'ang'ania madirishani, na ndani ya nyumba ya matofali mekundu karibu na kituo cha treni, wanawake wawili wanajiandaa kupanda mlima.

Mmoja ana miaka tisini na moja na haoni. Mwingine ana goti linalomsumbua tangu wiki iliyopita, alipomwinua mzee mzito kuliko yeye. Wala hakuna anayevaa viatu. Wamekaa kwenye kochi moja, blanketi moja limewafunika miguu, na mbele yao kuna kahawa na tableti iliyopasuka kioo pembeni.

"Tumefika wapi?" anauliza Bi Honorine.

"Darajani, Madame. Duka la mikate liko kushoto. Limefungwa."

"Jumatatu hiyo. Jumatatu hawafungui. Twende."

Picha hiyo ya barabara iliyoko kwenye tableti ilipigwa siku duka limefungwa, kwa hiyo kwa wanawake hawa kila siku ni Jumatatu. Léocadie Nabintu anasukuma kidole kwenye kioo, na barabara ya Montcarel inasogea.

Montcarel ni mji mdogo wa kale ulioparamia mlima huko Ufaransa, na juu yake kabisa imekaa ngome ya mawe. Bi Honorine alizaliwa hapo. Léocadie hajawahi kukanyaga, lakini mwulize ukipita chemchemi unakata kushoto au kulia, atakujibu huku anakunja shuka.

Léocadie, mwenye umri wa miaka 46, ni mhudumu wa wazee majumbani. Anamwogesha Bi Honorine, anamvisha, anamchana nywele, anampa dawa na uji. Yote yakiisha na muda ukibaki, wanapanda. Kwenye simu ya kazi huandika kwamba mteja amefanya matembezi. Siku moja msimamizi wake alipiga akitaka kujua matembezi ya wapi, na mama wa watu hawezi hata kusimama bila kushikwa.

"Nikamwambia Ufaransa," anasema Léocadie, na kicheko kinamtoka kabla hajamaliza. "Akasema okay, no worries."

Kilichowakutanisha ni Kifaransa. Bi Honorine amekaa Australia miaka sitini na minane, na Kiingereza chake hakina kasoro, ila anasema ni lugha ya bili na madaktari. Mumewe alishafariki, watoto hawakujaaliwa. Alipopofuka alikaa miaka miwili bila kusikia neno la kwao, mpaka ajensi ilipomleta mlangoni mwanamke wa Bukavu aliyesoma kwa masista.

"Nilimwambia bonjour, akashika mukono yangu," anakumbuka Léocadie. "Hakuiachia. Ile siku nilichelewa shifti ya pili."

Hebu turudi barabarani. Wameshapita chemchemi, wameshapita kanisa. Bi Honorine amefumba macho ambayo hata yakiwa wazi hayamsaidii, na kidole chake kinatambaa juu ya blanketi kufuata kona. Anauliza kama mti wa jozi wa padri ungalipo. Upo. Aliuliza jana pia.

Kisha Léocadie anasimamisha kidole.

"Langoni, Madame."

Hapo safari huishia kila siku. Gari lenye kamera, lililozunguka dunia likipiga picha za mitaa, lilifika kwenye lango hilo la mawe, likalikuta jembamba, likageuza. Nyuma ya lango kuna kichochoro, na mwisho wa kichochoro kuna nyumba iliyoegemea ukuta wa ngome. Nje ya nyumba hiyo palikuwa na benchi la mawe. Ukuta wa ngome hushika jua mchana kutwa, na jioni mama yake Honorine alikuwa akikaa hapo, mgongo ukutani, akipukuchua maharage mpaka giza liingie, kwa sababu jiwe lilikuwa bado lina joto.

Kwenye benchi hilo ndipo mama huyo alipokuwa amekaa mwaka 1958, binti yake alipoteremka na sanduku lake akielekea melini na mume mpya. Hawakuonana tena.

"Nilisema nitakwenda mwakani," anasema Bi Honorine. "Mwakani nikasema mwakani. Mume aliugua, nyumba tulikuwa tunailipia, nauli ilikuwa mlima. Mama akafa nikiwa bado nasema mwakani."

Anachotaka kujua sasa ni kidogo sana: kama benchi lipo. Mpwa wake wa mwisho kule Montcarel alishakufa, na hana tena wa kumwuliza. Picha za ngome zimejaa mtandaoni, lakini zote ni za minara. Picha za kutoka angani zinaonyesha mapaa tu.

"Watalii banapiga picha ya shato, ile ngome," anasema Léocadie. "Nani atapiga picha ya mulango ya jikoni ya mutu? Njo maana tunabakia hapo langoni kama wachawi waliopambazukiwa."

Majira ya baridi ya mwaka jana, walipofika hapo, Bi Honorine alilia. Si kilio cha sauti. Machozi yalimteremka tu, na Léocadie, ambaye anajua kumfuta mtu machozi lakini hajui kumwangalia akilia, akafanya jambo ambalo mpaka leo linamtia aibu. Alidanganya. Alisema picha imefunguka, inaendelea ndani.

"Kweli?" aliuliza Bi Honorine.

Kweli, Madame. Akaanza kusimulia. Kuna ngazi, akasema. Kuna ukuta, na nguo zimeanikwa. Kuna fundi cherehani amekaa barazani. Pale mlangoni kuna mama ameweka beseni, anauza samaki wadogo, anawapima kwa kikopo.

Bi Honorine alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Kwetu ziwa liko mbali, binti yangu. Hakuna aliyewahi kuuza samaki mlangoni. Hapo ni kwa nani?"

Hapo palikuwa Kadutu, Bukavu. Ngazi zilikuwa za udongo mwekundu, samaki walikuwa sambaza wa ziwa Kivu, na mlango ulikuwa wa Mama Fébronie, mama mzazi wa Léocadie, ambaye mwanawe hajamwona tangu mwaka 2004.

Mwaka huo risasi ziliingia mtaani Léocadie akiwa sokoni. Alikimbia na umati, akitarajia kurudi jioni. Jioni hiyo haijafika. Ilikuwa Burundi kwanza, halafu kambi ya Nakivale huko Uganda, alikoolewa na Bisimwa na kumzaa Déborah, na hatimaye Sydney, mwaka 2018. Bisimwa anapakua makontena kwenye bandari ya Port Botany. Déborah ana miaka kumi na saba, anasikia Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza.

"Kwa miaka ile yote sikuongeaka kuhusu kwetu," anasema Léocadie. "Ukiongea, moyo unakatika. Ule muzungu kipofu njo alinifungua kinywa."

Tangu siku hiyo safari ikawa na vituo viwili. Wanapanda Montcarel hadi langoni, kisha wanashuka Kadutu. Huko hakuna gari la kamera lililowahi kufika, kwa hiyo Léocadie anaizima tableti na kusimulia kwa kichwa. Bi Honorine ameshazijua njia. Léocadie akikosea, anakosolewa: umemruka fundi cherehani.

Machi mwaka huu Léocadie alipata pasipoti ya Australia. Aliiweka mezani kwake, wakaitazama wote watatu, yeye, mume na binti, kama mgeni aliyefika bila taarifa. Kwa miaka sita amekuwa akiongeza shifti za Jumamosi kwa mzee mmoja wa Rooty Hill, saa moja dola thelathini na tano, na fedha hiyo haiguswi hata friji ikiharibika. Nyumbani kwake inaitwa pesa ya Bukavu.

Ila vita viliingia tena Bukavu mapema mwaka 2025, na uwanja wa ndege ukafungwa. Kwa simu mama yake humwambia neno lile lile: usikuje. Wanaojua njia za kuzunguka wapo, na Léocadie aliwauliza. Bisimwa alikataa, naye hajazoea kukataa mambo.

Ndipo wazo likamjia, na likamchoma. Alikuwa na pasipoti, alikuwa na nauli, na alijua njia ya kwenda nyumbani, ila nyumbani kwenyewe ni kwa mtu mwingine.

Alipomwambia Bi Honorine kwamba anataka kwenda Montcarel kuangalia benchi, bibi huyo alifoka. Pesa ya mama haiendi kwenye mawe, alisema. Weka. Ngoja. Wako yuko hai.

"Nami nikamwambia, Madame, nikingoja wote wawili nitawakosa wote wawili." Léocadie anavuta blanketi. "Halafu nikaogopa. Nitamwambiaje mama nimepata njia, lakini haifiki kwake?"

Kwa wiki tatu hakumwambia. Kila simu alizungumzia baridi. Déborah ndiye aliyechoka. "Just tell her, Mum," alisema, na akabonyeza namba mwenyewe.

Mama Fébronie ana miaka sabini na sita. Alisikiliza habari yote, ya ngome, ya lango, ya benchi.

"Huyo mama ana miaka ngapi?" aliuliza.

"Tisini na moja."

"Na miye sabini na sita. Kwenye foleni ya maji, mukubwa anapita mbele. Ulisahau? Ulikua huku ao wapi?"

Yeyote aliyewahi kusimama na madumu kwenye bomba la Kadutu anaijua sheria hiyo. Hata mwenye haraka, hata aliyeamka wa kwanza, akitokea mzee anasogea. Léocadie alilia mpaka simu ikalowa. Upande wa pili mama yake akaendelea, kana kwamba hajamaliza kupanga mstari.

"Lakini umwambie nafasi yangu iko nyuma yake. Asiingize mutu katikati."

Ujumbe huo ulifikishwa Toongabbie kesho yake asubuhi, kabla hata ya uji. Bi Honorine aliinamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono kutafuta mkono wa Léocadie.

"Mwambie mama yako namshikia nafasi," alisema. "Na mwambie nitafanya haraka."

Léocadie hakufasiri sehemu ya mwisho. Anasema mama yake ataielewa vibaya, au ataielewa vizuri, na vyote viwili hakuvitaka.

Tiketi imekatwa. Ataondoka tarehe tisa Septemba, ashuke Lyon, kisha treni, kisha basi la kupanda mlima. Kanuni za kazi hazimruhusu kupokea zawadi ya mteja, kwa hiyo kila dola ni yake. Bi Honorine amempa kitu kimoja tu, nacho ni amri: akifika asimdanganye. Kama benchi limebomolewa, aseme. Kama kuna duka la vikombe vya watalii, aseme. Na kama lipo, akae jioni, mgongo ukutani, mpaka nguo yake ipate joto, kisha apige simu. Déborah ndiye atakayekuwa kwenye kochi akimshikia bibi simu sikioni, na ameshajizoeza salamu za Kifaransa.

"Naogopa," anakiri Léocadie. "Naogopa benchi isikuweko. Na naogopa iwe iko, nikae, nisikie joto ya mama ya mutu, na yangu iko anangoja."

Kahawa imepoa. Saa yake ya kuondoka inakaribia; leo ni Jumamosi, na Rooty Hill si jirani. Lakini Bi Honorine amegeuza uso upande wake na kumgusa goti, lile lililo zima.

"Sasa kwenu," anasema.

Léocadie anaizima tableti. Wanashuka ngazi za udongo mwekundu. Wanampita fundi cherehani, ambaye leo ana deni la suruali ya mtu, na wanasimama kwa mama wa sambaza kwa sababu Bi Honorine hupenda kuuliza bei. Wanapita bombani, na foleni ni ndefu. Kisha sauti ya Léocadie inapungua mwendo. Wamefika mbele ya mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu, uliochunika chini, pale kuku wanapodonoa.

Katika safari zote hizo za kusimulia, hajawahi kuuvuka. Bi Honorine anajua, na hajawahi kumhimiza. Leo anamhimiza.

"Gonga," anasema.

Léocadie anautazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya blanketi. Anakunja vidole, kisha anavikunjua.

"Hapana, Madame," anasema. "Huu nitaugonga nikifika mwenyewe."