Mzigo Mtamu wa Bandarini

Maktaba ya mjini ilipopata kompyuta, mwishoni mwa miaka ya tisini, iliwekwa mezani karibu na dirisha, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama mahari ya bibi harusi. Mkutubi aliifunua kwa heshima kila alasiri, akatia sidii ya ensaiklopidia, nasi wanafunzi tukapanga foleni hadi kwenye rafu za magazeti. Ukiandika neno, majina ya makala yalijipanga kwenye kioo, nawe ukachagua.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa Jiografia alitupanga wawili wawili tuandike kuhusu bandari: ni nini na huendeshwaje. Mimi nilikuwa binti wa Kuze, mtaa wa Waislamu wa mji wa kale, na mwenzangu alikaa Makupa, babake alikuja kutoka bara kufanya kazi ya reli. Tungeweza kwenda kuitazama bandari yenyewe. Iko kisiwani humu humu, na honi za meli zake tulizisikia tukiwa darasani. Lakini utafiti, kwa jinsi tulivyouelewa sisi, ulikuwa kitu cha kutoka kwenye kompyuta.

Zamu yetu ilipofika, mwenzangu aliandika neno la Kiingereza, port, kwa kidole kimoja. Orodha ikatokea, naye akabonyeza jibu la juu kabisa. Nilimuuliza kama tusitazame na yale mengine.

"Shoga, mashine yenyewe imelitanguliza hili," akasema. "Wewe wajua kuliko mashine?"

Sikujua kuliko mashine. Wala hatukujua, hata mmoja wetu, kwamba kuna mvinyo mtamu wa Ureno ambao Waingereza nao huuita port, na kwamba makala tuliyoifungua ilikuwa ya huo mvinyo. Yeye akasoma, mimi nikaandika. Ilipoanza na Ureno tulitulia, kwa sababu Wareno tuliwajua: ngome yao tulipita chini yake kila siku. Kisha mvinyo ukaanza kutajwa, nikasimamisha kalamu. Mwenzangu akaeleza, kwa hakika ya mtu aliyekwisha kuelewa, kwamba Wareno walisafirisha mvinyo, kwa hiyo mvinyo ndio uliokuwa mzigo wao. Niliona ni sawa. Ila nisingeweza kurudi nyumbani Kuze na daftari limejaa mvinyo, na babangu alikuwa na mazoea ya kupekua kazi zangu. Tukakubaliana kila penye mvinyo niandike mzigo.

Siku ya kusoma kazi zetu, mwalimu alimwalika mgeni, mzazi wa mwanafunzi mmoja, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Alikuwa bwana mnene mwenye tai fupi, akaketi mbele, mikono juu ya tumbo. Mwenzangu akasimama akasoma kwa sauti ya mtangazaji: kwamba bandari bora hutoka Ureno, kwamba mzigo wake hutiwa kwenye mapipa ya mti ukakaa miaka na miaka, kwamba mzigo uliokaa sana ndio mtamu, na kwamba kila mwaka sehemu yake kidogo hupotea hewani bila kuibwa na mtu.

Mgeni aliinua kichwa, akamwomba arudie hapo pa mwisho. Mwenzangu alirudia, akifurahi kwamba kuna mtu anayefuatilia.

"Hupotea hewani," mgeni akasema polepole. "Miaka yote hii wateja wangu waniuliza, nami sina la kuwajibu."

Mwalimu alikuwa ameanza kukunja uso, lakini mgeni alimwashiria amwache msichana amalize. Akauliza mzigo huo hutolewa wakati gani. Mwenzangu alitazama karatasi, akajibu kwamba hutolewa baada ya chakula, pamoja na jibini, kwenye bilauri ndogo. Na ukishafunguliwa? Ukishafunguliwa sharti umalizwe upesi, usije ukapoteza ladha. Hapo yule bwana akatoa leso, akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Mwenzangu aliinama akaninong'oneza kwamba tumemliza mgeni.

Mwalimu alikuja akachukua karatasi. Katika haraka zangu nilikuwa nimeacha mvinyo mmoja katikati ya ukurasa, nao ndio alioukuta. Alinitazama mimi, mwenye mwandiko. Nikamweleza kwa sauti ndogo kwamba yale maneno niliyabadilisha kwa ajili ya heshima. Aliuma mdomo, akageukia ubao, akawa anaufuta kwa muda mrefu ingawa haukuwa umeandikwa kitu.

Alipoweza kusema, aliturudisha maktabani na amri ya kusoma orodha mpaka chini. Bandari ya meli ilikuwa jibu la pili. Ilikuwa ikitutazama tangu siku ya kwanza. Chini yake kulikuwa na maana nyingine mbili za neno lilo hilo: upande wa kushoto wa chombo cha baharini, kisha tundu la nyuma ya kompyuta la kuchomekea waya. Mwenzangu alipendekeza tuandike yote manne ili safari hii tusikose. Tulibishana mpaka wenye foleni wakaanza kuguna.

Tukaandika la pili. Insha ile ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho: kina cha maji, kreni, maghala, ushuru. Nilipoisoma darasani, safu nzima ya nyuma ililala, na mwalimu, nilipoinua macho, alikuwa akitazama nje ya dirisha, akisubiri nimalize.